Ile bilauri si ya miswaki

Baccarat, Ufaransa

Mama, shikamoo. Za Ngamiani? Mimi mzima, ni baridi tu.

Ujumbe wa Kaka Rashidi nimeupata. Laki nane za bati kwa mpigo siwezi, nitatuma nne mwisho wa mwezi. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu Mwanaidi aniambie: ile bilauri niliyokuja nayo mwaka juzi, eti iko msalani, imetiwa miswaki! Miswaki, Mama!

Ile hukuti dukani kwa Mangi. Kijimji hiki cha kando ya mto Meurthe kinapuliza vioo tangu 1764, Louis wa Kumi na Tano alipotoa ruhusa. Mwaka 1816 wakaanza kutia madini ya risasi kwenye mchanga, ndiyo maana bilauri ile nzito vile, na ukiigonga kwa ukucha inalia mpaka uichoke. Mzee ninayemhudumia kazi yake ilikuwa hiyo, kupuliza. Anasema chombo kikiwa na kiputo kimoja tu, hata kama ncha ya sindano, kinavunjwa. Mimi niliweka akiba miezi minne, nikaivika soksi mbili, nikaipakata kwenye ndege hadi Dar. Haya, miswaki.

Halafu Kaka anawatangazia watu kwamba nakaa mji wa almasi! Tuko watu 4,000 na ushei, na saa mbili usiku hata paka humwoni njiani. Kazi ipo, alhamdulillahi, mengine tuyaache. Juzi mzee kawaambia wanawe Kifaransa changu kimewapita wajukuu zake. Mwambie na hilo Kaka, akatangaze.

Kuna kanisa hapa, la zamani lilipigwa mabomu 1944, hili jipya madirisha yake ni ya kioo hichohicho cha rangi. Niliingia kupisha baridi tu, Mama, usije ukamwambia Shehe. Jua la jioni likapiga, sakafu nzima ikawa buluu. Nikaiona bahari yetu ya Raskazone waziwazi. Nilikaa mpaka wakaja kufunga.

Minazi ya Pongwe, Baba Mdogo asiuze hata mmoja kabla sijaja. Na bilauri itoeni huko, muioshe kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, ikae kabatini karibu na picha ya marehemu Baba. Miswaki inunulieni kikombe cha plastiki, hela yake imo kwenye hizo laki nne.

Mwanao,
Zuhura