Ziwa Nyasa tugawane mafuta kwanza, ramani baadae

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mimi niko Kyela, nauza usipa, nachukua kwa wavuvi wa Matema na siku zingine kwa wenzetu wa upande wa Karonga, Malawi, kwahiyo huu mpaka wa ziwa kati yetu Tanzania na Malawi kwangu sio habari ya gazetini tu. Naandika sababu juzi kijiweni kuna dogo mmoja kasema eti Malawi tunaichapa siku tatu tu imeisha, watu wakacheka, mi sikucheka.

Mwaka 2012 naukumbuka vizuri. Malawi walikua wameipa kampuni ya Uingereza kibali cha kutafuta mafuta na gesi ziwani, serikali yetu ikasema simamisheni, wao wakagoma, mara tunasikia kwenye redio wanasiasa wanasema jeshi letu liko tayari. Mama mdogo wangu kaolewa Karonga, akapiga simu usiku anauliza "mwanangu, nibaki huku au nije?" Sikua na jibu. Asubuhi nafika Kasumulu mpakani nakuta watu wanabadilisha kwacha kama kawaida, mchele wetu unavuka, sukari yao inaingia, Mnyakyusa na Mngonde wanapiga stori bila mkalimani.

Sasa ugomvi umetoka wapi? Mwaka 1890 Mjerumani na Mwingereza walikaa huko kwao wakaandikishana, mpaka ukapitishwa ufukweni upande wetu, yaani ukiufuata ulivyo mama wa Matema akichota ndoo ya maji kachota Malawi. Mkataba huohuo ndo ulimpa Mwingereza Zanzibar na Mjerumani kisiwa cha Heligoland, sisi huku tulikua chenji tu. Malawi wanaushikilia huo mkataba pamoja na lile azimio la OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, la Cairo 1964 kwamba mipaka ya mkoloni ibaki kama ilivyo, sisi tunasema mpaka upo katikati ya maji. Rais Banda wa Malawi na Mwalimu walirushiana maneno miaka ya 60 halafu miaka mingi watu wakavua samaki wao. Mstari ulikuepo muda wote huo jamani, kilichoongezeka ni harufu ya mafuta.

Na huyo dogo wa siku tatu akawaulize wazee. Amin alivamia Oktoba 1978 akasema mpaka wake ni mto Kagera, Aprili 1979 Kampala ikaanguka, tukashinda kabisa, hakuna ubishi. Halafu Mwalimu akatuambia tufunge mikanda miezi 18. Baba yangu anasema wa kwake haujafunguka mpaka leo, anakumbuka foleni za sabuni na kufulia majani ya mpapai, na hapo ndo tulikua washindi. Burkina Faso na Mali nao Krismasi ya 1985 wakapigana siku kama tano kugombania kipande cha ardhi cha mpakani kinaitwa Agacher, wakati kesi tayari wameshaipeleka mahakama ya The Hague, mwaka uliofuata majaji wakakikata karibu nusu kwa nusu. Waliokufa walikufa kwa kitu ambacho kiligawanywa kwa kalamu.

Mimi nasema tusisubiri ramani. Nigeria na São Tomé walishindwana mpaka wa baharini, mwaka 2001 wakasaini kwamba lile eneo la utata liwe la wote, mmoja asilimia 60 mwingine 40. Utajiri waliousubiri haujatoka hapo, lakini na risasi haikutoka. Na sisi na Malawi sio kwamba hatuwezi, mto Songwe kila mafuriko unahama njia, mtu analala shamba lake liko Tanzania anaamka liko ng'ambo, na nchi zote mbili zimeweka kamisheni moja ya pamoja ambayo ofisi yake iko hapahapa Kyela. Mto tumeweza, ziwa linatushinda nini?

Mhariri, ombi langu ni moja, mtume mwandishi wizarani aulize yale mazungumzo waliyokabidhiwa marais wastaafu chini ya Chissano wa Msumbiji yamefikia wapi, na kama kuna mtu yeyote keshaweka mezani suala la kugawana kabla haijaja kampuni nyingine na kibali kingine. Mama mdogo bado yuko Karonga, na sasa hivi ana wajukuu huko.

Msomaji wenu,
Muuza usipa, Kyela