Jogoo wa elfu 45 na mshahara wa dada wa kazi

Mhariri, salaam.

Naandika kutoka Majengo hapa Moshi, mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani, msharika wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, toka nabatizwa, na naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mahausigeli wa siku hizi hawana shukrani, unamtoa kwao hana hata kandambili, unamvisha, unamlisha, akishanawiri anakukimbia. Ile barua nimeisoma mara mbili nikiwa kwenye cherehani na wala sikumkasirikia, maana mwaka jana mwanzoni ningeiandika mimi mwenyewe hivyo hivyo. Nami nimekimbiwa. Yule dada wangu wa kazi wa kwanza aliondoka alfajiri na vitenge viwili vya wateja, nikakaa mwezi mzima nawahadithia watu kwenye jumuiya, kile kikundi chetu cha kusali nyumba kwa nyumba, na kila mtu ana la kwake la kuongezea. Lakini kuna jambo lilinipata kwenye mnada wa mavuno nataka nilieleze kama lilivyo, kwa sababu najua sipo peke yangu.

Kwa asiyeujua mnada wa mavuno, ni hivi. Siku hiyo watu wanakuja kanisani na walichovuna, mahindi, maharage, mkungu wa ndizi, parachichi, mayai kwenye ndoo yenye pumba, kuku kafungwa miguu, mwingine anakuja na mbuzi kabisa, ibada ikiisha tunatoka nje vinanadiwa na hela inaingia usharikani. Bei ya pale haina habari na bei ya sokoni. Mkungu ambao sokoni Mbuyuni unaupata kwa elfu 15 pale unaenda 40, watu wanashangilia, na mwenye kushinda anaweza kusema narudisha, unanadiwa tena. Ni siku nzuri na ninaipenda, naomba nisieleweke vibaya, paa la kanisa letu limeezekwa kwa hela za namna hiyo.

Siku hiyo nilikuwa nimevaa sare ya jumuiya na tukawa tunapandishiana bei ya jogoo mimi na mama mmoja. Jogoo mwekundu wa kienyeji, mkubwa kweli. Elfu 20, 25, 30, anayenadi anatutaja, wenzangu nyuma wanapiga vigelegele, mpaka nikafika 45 nikakabidhiwa. Nilimbeba mwenyewe mpaka nyumbani, kwenye bodaboda, kwapani.

Nyumbani dada wa kazi niliye naye sasa alikuwa ameshapika machalari, nyumba imedekiwa, mtoto mdogo kaogeshwa. Yeye kanisani haendi. Sikuwahi kumkataza, ila nani angebaki na mtoto, nani angepika, nani angefua sare za shule za Jumatatu? Kila Jumapili nilikuwa namwambia leo kaa, wiki ijayo utaenda, na hiyo wiki ijayo ilikuwa imetimiza miaka miwili.

Jioni kijana wangu akamchinja yule jogoo na dada akakaa uani kumnyonyoa. Yuko kwenye kigoda, beseni la maji ya moto mbele yake, mvuke unapanda na ile harufu ya manyoya mabichi, mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akauliza tu kawaida, "Mama, jogoo kama huyu huku ni shilingi ngapi?" Kabla sijafungua mdomo mwanangu wa miaka 7 akadakia, "Elfu arobaini na tano! Mama amewashinda wote!" Dada akanyamaza. Akashika bawa akaendelea na yale manyoya madogo madogo ambayo mpaka uyatoe kwa kucha, moja moja. Hakuinua uso.

Sasa niseme kile ambacho yeye na mimi tulikuwa tunakijua. Siku tisa nyuma alikuwa ameniomba elfu 20 amtumie mama yake Singida, mdogo wake anaenda shule na viatu vilivyoachia soli. Nikamwambia sina, subiri mwisho wa mwezi. Na hiyo elfu 20 haukuwa mkopo jamani, ilikuwa hela yake. Nilikuwa namlipa elfu 50 kwa mwezi na miezi minne mfululizo sikumpa, nikimwambia nakutunzia ili ukienda likizo uende na kitu cha maana. Laki mbili. Hizo laki mbili hazikuwa benki, hazikuwa kwenye kibubu, hazikuwa popote, zilishaingia kwenye vitambaa, kwenye Vicoba, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, kwenye ada, na elfu 45 yake ilikuwa pale kwenye beseni ananyonyoa yeye mwenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza ile sadaka nani aliitoa, ni yeye. Mimi nilipigiwa vigelegele.

Sikulala vizuri usiku ule lakini niseme ukweli, asubuhi niliamka nikaendelea na kazi zangu, mtu anaweza kuumwa na dhamiri na bado akachelewesha hela ya mtu wiki nzima. Kilichonikamata ni jambo lingine. Kijana wangu yuko kipaimara na siku ya Alhamisi aliniomba nimshikie kitabu nimsikilize Katekismo Ndogo, yale mafundisho ya imani aliyoyaandika Martin Luther mwaka 1529, alikuwa amefika kwenye sala ya Baba Yetu, utupe leo riziki yetu. Luther anauliza riziki ni kitu gani halafu anaanza kuorodhesha, chakula na kinywaji, nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo, hela, mwenzi mwema, watoto wema, na hapo hapo anataja watumishi wema wa nyumbani. Mimi nilikuwa nafuata kwa kidole. Hayo maneno niliyakariri nikiwa na miaka 14 nikayasema mbele ya mchungaji bila kukosea hata moja, na sikuwahi kuyaona. Yaani mtu ambaye kila nikisali namuomba Mungu anipe, alikuwa jikoni muda huo anasugua sufuria, na kikombe chake cha plastiki cha kijani kimening'inizwa kwenye msumari wake peke yake, kwa sababu kwangu dada alikuwa hanywei kwenye vikombe vyetu. Hiyo ya kikombe hakuna aliyenifundisha. Niliikuta kwa mama yangu nikaiendeleza.

Baadaye nikafungua Kutoka 20 mstari wa 10, amri ya sabato. Wengi tunaijua kwa juu juu, kwamba siku ya Bwana tusifanye kazi. Ukiisoma yote inataja watu, wewe, mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, mpaka mnyama wako na mgeni aliye malangoni mwako. Mjakazi katajwa. Mimi nilikuwa napumzika Jumapili kwa jasho la mtu ambaye Mungu alishamtaja kwenye amri ile ile. Na Yakobo sura ya 5 anasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele. Nilikuwa nauita kutunziwa, lakini yeye hakuniomba nimtunzie.

Ijumaa usiku watoto wamelala nikamuita mezani. Akaja amesimama. Nikamwambia kaa mwanangu, akakaa kwenye ncha ya kiti, na nilipotoa daftari la hesabu akaanza kulia, alidhani namfukuza. Nimemwambia nakuomba msamaha nimekula hela yako, akawa anasema "Mama, mimi sijasema kitu, mama mimi sijasema kitu," kama vile yeye ndiye mwenye kosa. Kusema kweli hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba katika nyumba ya watu wanaosali kabla ya kula, msichana wa miaka 19 akiitwa mezani anajua ni kwa ubaya.

Tukapiga hesabu. Na hapa naomba akina mama wenzangu msome vizuri, maana mimi nilikuwa sijui. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka elfu 60 kuwa kima cha chini kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwako, na anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni laki moja na elfu 20. Viwango hivi vinabadilishwa, ulizeni kipya, msitulie na cha zamani. Kwa hiyo mimi hata nilipokuwa nalipa nilikuwa napunja elfu 10 kila mwezi kwa miaka miwili, hiyo ni laki mbili na elfu 40 nyingine juu ya ile laki mbili. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na mtoto chini ya miaka 14 hairuhusiwi kumuajiri kabisa. Nimeuliza akina mama sita wa jumuiya kama wanajua hayo, hakuna hata mmoja. Tunajua siku ya kutoa ahadi, tunajua namba ya bahasha zetu za sadaka, haya ya dada hatuyajui.

Nilichukua zamu yangu ya kikoba mapema nikamlipa laki ya kwanza, aliituma kwao usiku ule ule. Jumapili iliyofuata akaenda ibada ya kwanza saa moja, mimi nikabaki na mtoto nikaenda ya saa nne, na ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Kumbe ni mwanakwaya! Kwao alikuwa anaongoza sauti ya pili. Miaka miwili mtu anaishi ndani kwangu sijui kama anaimba, nilikuwa najua tu kwamba chapati zake ni laini.

Najua nitajibiwa kwamba maisha ni magumu, na mimi siyabezi hayo. Mwalimu mwenye mkopo, mama ntilie, dada wa saluni, hiyo elfu 60 tu anaipata kwa shida na hawezi kwenda kazini bila mtu wa kumshikia mtoto. Sina jibu rahisi. Ila nasema hivi, kama huwezi kumlipa mtu wa kulala ndani mwezi mzima, zungumza na jirani mshirikiane mmoja, au tafuta mtu wa saa chache, au mpeleke mtoto kwa anayelea watoto pale mtaani. Usimchukue binti wa watu kwa mkopo ambao yeye hajui kama anakukopesha. Na wale wanaosema ukimzoesha atakupanda kichwani, mimi wangu ni mwaka sasa hajapanda popote. Ananiambia vitu vikiharibika, zamani alikuwa anavificha. Kuna na yale ya baba mwenye nyumba kuingia chumba cha dada usiku, hayo siyazungumzii hapa, hayo ni ya polisi wala si ya kuombeana kwenye jumuiya.

Jumuiya yenyewe ndiyo iliyonipa kazi. Ilipofika zamu ya kwangu nikamwambia dada akae na sisi, akakaa pembeni na kitenge chake. Somo niliomba tusome waraka wa Filemoni, ni sura moja tu mistari 25. Paulo anamrudisha Onesimo kwa bwana wake na anamwambia ampokee si kama mtumwa bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa, na kama kuna deni aandikiwe yeye Paulo. Lakini angalieni mwanzoni barua imetumwa kwa nani, kwa Filemoni na kwa kanisa lililo katika nyumba yake. Maana yake ile jumuiya iliyokuwa inakutana sebuleni kwake yote ilisikia barua ikisomwa, na wote wakawa wanasubiri kuona Onesimo akifika mlangoni atapokelewaje. Jambo la mtumishi wa nyumbani Paulo hakulifanya siri ya baba mwenye nyumba.

Tulipomaliza kusoma pakawa kimya, halafu mama mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akasema, "Haya, na chai leo analeta nani?" Dada akaanza kuinuka. Nikamshika mkono nikaenda jikoni mwenyewe, nikaivisha, nikachukua vikombe vyote vya kabati, cha kwake kikiwa humo humo kama cha kila mtu. Wawili hawakurudi jumuiya iliyofuata. Mmoja alinipigia simu usiku akaniuliza ile laki moja na elfu 20 ni kweli ni ya serikali au nimeitunga.

Mhariri, naomba kama inawezekana barua hii itoke kabla ya mavuno, maana mnada wa mwaka huu umekaribia na najua kuna mtu anapanga hela ya kupandishia mkungu wakati kuna binti jikoni kwake anasubiri mwisho wa mwezi. Wangu nimebakiza elfu 70, namalizia tarehe 30.

Mama Mshonaji,
Majengo, Moshi