Ampea hazipimwi kwa kugusisha betri, Mhariri

Mhariri, salaam. Ile makala yenu ya multimita, yaani mita ya kupimia umeme, nimeisoma yote, na sehemu ya volti sina neno. Ila pale mlipoandika kwamba kupima mkondo, yaani ampea, ni hivyo hivyo tu, unageuza swichi kwenye A alafu unagusisha proba, zile ncha za nyaya za mita, kwenye ncha mbili za betri, hapo mmetuangusha, na sijui nani aliipitia kabla haijachapwa.

Kosa hilo mi nimeshalilipia. Nilikuwa nimetoka kupima ampea, waya mwekundu wa mita nikausahau kwenye tundu la 10A, alafu nikaenda kupima betri ya volti 12, swichi nimeirudisha vizuri kabisa kwenye volti nikajiona fundi, kugusisha tu paa! cheche, na ncha ya proba ikaliwa ikabaki butu kama penseli iliyotafunwa. Swichi haikunisaidia kitu, maana nyuma ya lile tundu kuna kipande kifupi cha waya mnene chenye ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia mkondo, ambao hata omu moja haufiki, kwa hiyo ilikuwa sawa na kuunganisha chanya na hasi kwa waya mtupu. Tena kwenye mita nyingi za bei rahisi, pembeni ya tundu hilo wameandika kabisa kwamba halina fyuzi, kwa maandishi madogo ambayo wote huwa tunayaruka.

Volti ni kinyume chake. Mita ikiwa kwenye volti inakuwa na ukinzani mkubwa sana, za dijitali nyingi ni kama megaomu 10, yaani omu milioni 10, ndo maana unaiweka sambamba na kifaa, proba moja kila upande wake, na sakiti haishtuki. Ya ampea lazima ikae ndani ya njia yenyewe, unakata sakiti sehemu moja, mkondo wote upite kwenye mita ndo uendelee na safari.

Lakini kuna ujanja ambao natamani mngeuandika nyie badala ya yale mliyoandika. Chukua betri ya volti 9, rezista (kile kipande cha kupunguza mkondo) ya omu 470 na LED nyekundu, ile taa ndogo, zote mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja. Usikate chochote, pima tu volti kwenye miguu miwili ya rezista, utakuta kama 7 hivi kwa sababu LED imekula kama 2, sasa gawanya 7 kwa 470 unapata karibu miliampea 15, na kwa vile ziko mfululizo basi ni mkondo huo huo unaopita kwenye LED. Ni kanuni ile ile ya Ohm ya mwaka 1827, tunaikariri wee, tukishika mita tunaisahau.

Kuhusu ukinzani mmegusia mstari mmoja tu, na wenyewe hausemi kwamba umeme uzimwe kwanza. Mita inapopima omu inatuma kamkondo kake yenyewe kutoka kwenye betri yake, sasa ukiweka kwenye sakiti yenye umeme itakusomea uongo au iungue. Na mguu mmoja wa rezista uchomolewe, kuna jamaa nilimkuta anailaani rezista ya kiloomu 10 kwamba mbovu kisa inasoma 5, kumbe kwenye bodi kuna mwenzake wa kiloomu 10 sambamba nayo. Na zile kubwa za megaomu usizibane kwa vidole pande zote mbili, utakuwa unajipima na mwili wako.

Kwa hiyo naomba mchape marekebisho, na yakae pale pale makala ilipokaa, sio kona ya chini. Na kama kuna aliyewafuata na sasa mita yake inasoma sifuri kila akipima miliampea, asiitupe, afungue nyuma aangalie fyuzi, mara nyingi ni hiyo tu imekatika, aweke nyingine ya aina na ampea zile zile na asije akaziba kwa uzi wa waya.

Msomaji wenu