Vijana wa saksafoni, msiuziwe chuma kwa jina la jazz

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe ya moyoni maana naona vijana wetu wanaliwa hela na hakuna anayewaambia. Siku hizi ukiingia kanisani Jumapili au ukienda harusini unakuta kijana kashika saksafoni, mara nyingi alto, ile ya ukubwa wa kati, kwa sababu ni nyepesi na bei yake inavumilika kidogo, na sisi tuliokulia kwenye dansi tunafarijika sana kuona chombo hiki hakijafa. Shida inaanza pale kijana anapotaka kutoka kwenye mapambio aingie jazz na blues. Anaenda dukani anaambiwa "hiyo mausipisi yako ni ya wanafunzi, chukua hii ya chuma ndio ya jazz", anatoa laki kadhaa alizodunduliza, akifika nyumbani sauti inatoboa masikio, noti za chini hazitoki kabisa, pichi, yaani kimo cha sauti, inapanda, basi anaanza kuamini kwamba hana kipaji. Wapo walioacha kabisa kwa sababu hiyo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa wasioijua, mausipisi ni kile kipande cha juu kabisa ambacho mpulizaji anaweka mdomoni, ridi, yaani ule ulimi mwembamba unaotetema ukipuliza, inafungwa chini yake kwa ligacha, yaani mkanda wa kuibana, halafu chote kinavishwa kwenye koki, lile gamba laini lililozungushwa kwenye ncha ya shingo ya saksafoni. Ni kadude kadogo lakini kanabadilisha sauti kuliko chombo chenyewe. Na kinachobadilisha sauti hiyo ni umbo lake la ndani, sio imetengenezwa kwa kitu gani. Kuna uwazi kati ya ncha ya mausipisi na ncha ya ridi, kuna chemba yaani ule uwazi wa katikati, na kuna lile paa la ndani linalotazamana na ridi. Paa likisogea karibu na ridi hewa inabanwa na kupita kwa kasi, kama unavyobana mpira wa maji kwa kidole gumba, na sauti inatoka kali inayong'aa. Mausipisi nyingi za chuma wanazouziwa vijana zina paa la namna hiyo na chemba ndogo, ndio maana watu wanasema chuma ni kali. Lakini ipo mausipisi ya Rico inaitwa Metalite, ya kijivu, plastiki tupu, na ukali wake unakutoa jasho kuliko chuma nyingi tu, kwa sababu paa lake limeikaribia sana ridi.

Na historia yenyewe inasema hivyohivyo. Charlie Parker, ambaye hakuna mpiga alto wa jazz asiyemsoma, alipopanda jukwaani kwenye ukumbi wa Massey Hall kule Toronto, Kanada, mwaka 1953 alikuwa ameshika Grafton, alto ya plastiki nyeupe, sio mausipisi, mwili wenyewe wa saksafoni ni plastiki! Watu mpaka leo wanaisikiliza rekodi ile na hakuna anayesema sio jazz. Cannonball Adderley, mpiga alto mwingine wa jazz, ambaye sauti yake ilijaa blues mwanzo mwisho alipulizia Meyer, mausipisi ya mpira mgumu, ile ebonaiti nyeusi. Ni kweli mpiga alto David Sanborn alipiga Dukoff ya chuma na alikuwa na sauti yake ya ajabu, lakini yule alikuwa anapiga soul na fanki na mikrofoni iko mbele yake, na alishaijenga pumzi yake kwa miaka. Sasa kijana mwenye mwaka mmoja kwenye chombo unamkabidhi mzigo ule ili iweje?

Ushauri wangu kwa mwenye hela kidogo ni huu. Kama una Yamaha 4C, ile inayokuja na saksafoni zao za wanaoanza, usiitupe. Imetengenezwa vizuri, pichi yake imetulia, na mpya huko Marekani ni kama dola 30 hivi. Uwazi wa ncha yake ni milimita 1.60, ni mdogo kidogo kwa blues lakini jazz inapigika kabisa. Ukitaka kujipanua bila kuumia mfukoni nenda 5C ambayo ni 1.70, au 6C ambayo ni 1.80. Rico nao wana Graftonite ya plastiki, namba 5 inamtosha mtu, bei chee. Ukishakomaa na hela ikapatikana ndio unaangalia Meyer namba 5 au 6, au Vandoren V16 ya A5 au A6, au Select Jazz ya D'Addario, hizi zinaanzia kwenye dola mia na kitu na ukiitunza unakaa nayo mpaka uzeeni.

Hapa kwenye namba watu wanapigwa sana kwa hiyo naomba mnisome polepole. Namba 5 ya kampuni moja sio namba 5 ya kampuni nyingine. Yamaha 5C ni 1.70 lakini Meyer 5 ni kama 1.80, yaani Meyer 5 inalingana na Yamaha 6C. Muuzaji akikwambia tu "hii ni saba, ni kubwa, ni ya maprofesheno", muulize milimita ngapi, akishindwa kujibu basi ujue anauza asichokijua. Kwa jazz na blues kwenye alto, 1.70 mpaka 1.90 hivi panatosha kabisa, pana nafasi ya kuvuta noti chini na kuirudisha, ule ulalamishi wa blues, bila midomo kuchoka baada ya nyimbo mbili. Na uwazi wa ncha ukiongezeka ridi ipungue ugumu, mtu anatoka 4C anaenda Meyer 6 na ridi yake ileile ya ugumu namba 3 halafu analalamika mausipisi nzito, anza na 2 au 2 na nusu. Kiukweli kuna vijana hawahitaji mausipisi mpya, wanahitaji boksi la ridi nzuri maana hiyo wanayopulizia imepasuka ncha tangu mwaka jana.

Kingine, ule mkwaruzo wa blues ambao vijana wanautafuta kwenye chuma, ule wa wapiga alto kama Louis Jordan miaka ya 1940, unatoka kooni. Unaguna huku unapuliza, sauti ya koo inagongana na ya ridi, basi. Jaribuni leo na 4C yenu mtaona.

Ukienda kununua, iwe mpya au ya mtumba, igeuze ncha uiangalie kwenye mwanga. Kingo mbili za pembeni ziwe na unene sawa kuanzia chini mpaka ncha, moja ikiwa nene na nyingine nyembamba iache hapohapo hata kama ina nembo ya dhahabu. Ile sehemu bapa inapolala ridi ilaze kwenye kioo, isicheze. Halafu funga ridi yako iliyolowa vizuri, ziba kwa kiganja tundu la nyuma linalovishwa kwenye koki, vuta hewa kwa nguvu kisha toa mdomoni. Ikishika sekunde moja mbili halafu ikaachia kwa mlio wa "pop", haivujishi. Mwisho ipulize peke yake bila saksafoni, na simu yenye programu ya kutyuni, kwa alto itakuwa karibu na noti ya A, watu wa jazz tunalegeza midomo inashuka chini ya hapo kidogo. Ikipanda juu sana ujue unabana mno, na hapo mausipisi haina kosa.

Sisemi chuma ni haramu. Kwenye bendi ya dansi, umezungukwa na magitaa matatu na tarumbeta na ngoma, sauti yenye ukali kidogo inasaidia ipenye, wale wanaopuliza Msondo na Sikinde wanaelewa. Ila huyo ni mtu anayepiga usiku kucha kila wiki na anajua anachokitafuta.

Na kwa joto letu la Pwani, ebonaiti msiiache kwenye gari wala juani, inageuka kijani na kunuka salfa, na msiioshe kwa maji ya moto, maji ya kawaida na sabuni kidogo yanatosha.

Ombi langu kwa wenye maduka ya vyombo vya muziki, Kariakoo na kwingineko, ruhusuni mteja ajaribu kabla hajalipa. Aje na saksafoni yake na ridi yake, mpeni mausipisi mbili tatu na nafasi ya kupuliza robo saa. Ombi la pili ni kwa kamati za makanisa na viongozi wa kwaya mnaochangisha hela za vyombo, msimtume mhasibu peke yake, mtumeni na yule kijana atakayepuliza, hata kama ana miaka kumi na tano. Na wewe Mhariri, kwenye kurasa zenu za burudani tunasoma sana habari za wanaoimba, watafuteni na hawa wapulizaji wazee kabla hawajaondoka, waulizeni wanapulizia nini na kwa nini.

Mpuliza alto,
Mwananyamala, Dar es Salaam