Kiinua mgongo cha sheria ni kiwango cha chini, msikipokee kama zawadi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niongee na wafanyakazi wenzangu wa viwandani, maana huku kwetu Mbagala kila kijiwe unamkuta mtu kapewa barua ya kupunguzwa kazi na kasaini palepale.

Jamani, barua inatakiwa ije mwisho kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri akishaanza tu kufikiria kupunguza watu atoe taarifa, aweke mezani sababu zake, halafu akae na chama cha wafanyakazi, na kama chama hakipo akae na wafanyakazi wenyewe. Mnajadili kuna njia gani ya kuzuia au kupunguza idadi, nani aondoke na kwa vigezo gani, lini, na atalipwa nini. Mkishindwana mnaenda kusuluhishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii CMA, na katika siku 30 za usuluhishi haondolewi mtu. Sasa kiwandani tulikokuwa sisi tuliitwa kantini jioni, HR, yaani afisa utumishi, akasoma majina, bahasha zishaandaliwa, tukasainishwa mahudhurio, na hiyo karatasi ya mahudhurio ndo baadaye inaletwa kama ushahidi kwamba tulishauriana! Inaniuma mpaka leo.

Pesa nazo watu wanapunjwa kwa kutojua hesabu. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mtu wa mshahara wa msingi 520,000 anayefanya kazi siku sita kwa wiki, siku moja yake ni 20,000 (520,000 gawa kwa siku 26 za kazi za mwezi), kwa hiyo akiwa na miaka 8 ni 1,120,000. Juu yake kuna notisi, ambayo kwa wa mshahara wa mwezi ni siku 28 au alipwe badala yake, likizo ambayo hajachukua, siku alizofanya kazi, na kama aliajiriwa mkoa mwingine basi usafiri wa kumrudisha huko. Mzee wa miaka 17 kazini sheria inamhesabia 10 tu, ndo maana kile kikao ni muhimu, pale ndo chama kinaweza kudai zaidi, sheria haimkatazi mwajiri kulipa zaidi ya hapo.

Na mkiletewa fomu ya "nimeacha kazi kwa hiari" msiiguse hata mkiambiwa ndo hela itoke haraka. Kiinua mgongo ni cha aliyeachishwa na mwajiri, na fao la kukosa ajira la NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambalo linataka uwe umechangia angalau miezi 18, halimhusu aliyeacha mwenyewe. Nendeni pia NSSF mkaangalie kama makato yenu yalikuwa yanafika kweli.

Kwa ambaye barua anayo tayari, una siku 30 toka siku ulipoachishwa kupeleka lalamiko CMA mkoa unaofanyia kazi, hulipi ada, unajaza fomu namba 1, unabeba mkataba, salari slipu na hiyo barua. Hauna wakili? Kiongozi wa chama chako anaruhusiwa kukuwakilisha. Msikae nyumbani mkisubiri HR apige simu kama alivyoahidi, siku zinahesabika.

Mfanyakazi wa zamani wa kiwandani,
Mbagala, Dar es Salaam