Betri zipimwe kwenye mizani kama korosho

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu nilipokuwa mwalimu wa daraja la tatu A, na sijawahi kukuandikia hata mara moja. Ile taarifa yenu ya kinywe, yaani grafiti, cha Ruangwa ndiyo iliyonitafutisha kalamu. Mliandika kwamba dunia inayagombania madini haya kwa sababu ya betri, na mwishoni mkaongeza kwamba sola sasa ni ya kila mtu maana betri zimeshuka bei. La kwanza ni kweli kabisa. Upande wa hasi wa betri ya lithiamu hutengenezwa kwa kinywe, na ukivipima, kinywe kilichomo ni kizito kuliko hata hiyo lithiamu yenyewe. La pili mngekuja kuniuliza mimi ninayeishi juu ya hicho kinywe.

Tangu nistaafu nafuga kuku. Nina mashine ya kutotolesha ya mayai 88, na nguzo za umeme hazijafika kitongojini kwetu. Mwaka jana nilinunua paneli na betri moja kubwa, N200, ubavuni imeandikwa Ah 200, yaani ampea-saa 200, kwa rangi ya dhahabu, shilingi laki nne na themanini, hela yangu ya korosho. Mayai ya kuku yanataka siku 21 za joto la nyuzi 37 na nusu lisilokatika. Ulikuwa mwezi wa nne tangu niinunue, masika, jua la kubahatisha. Usiku wa siku ya 18, saa nane, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia mashine, ikalia, nikaamka nikakuta mashine imezima. Mke wangu akawasha mkaa barazani, tukachemsha maji, tukayatia kwenye chupa na kuzipanga katikati ya mayai, tukafunika kwa blanketi, tukabadilisha chupa mpaka kukakucha. Walitoka vifaranga 9. Yaliyobaki niliyapasua mwenyewe: vifaranga kamili, wana manyoya, wamekufa ndani ya ganda.

Nilirudi dukani na risiti. Muuzaji akaniambia mbele ya wateja kwamba mimi ndiye niliyeiua, mzee huna ujuzi wa sola, ungemwita fundi. Nimefundisha sayansi darasa la saba miaka mingi. Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu. Betri ya risasi, ile metali nzito, na tindikali, kama yangu, hubeba kama wati-saa 30 hadi 40 katika kila kilo ya uzito wake. Ah 200 mara volti 12 ni wati-saa 2,400. Kwa hiyo betri ya Ah 200 ya kweli, hata ukiifanyia upendeleo, itakaribia kilo 60. Nikaipakia yangu kwenye bodaboda mpaka ghala la chama cha msingi, wakanipimia kwenye mizani ya korosho. Kilo 29! Fundi wa magari akaikata kifuniko, tukaona bamba za risasi nyembamba kama jalada la daftari. Bamba za namna hiyo ni za betri ya gari: kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake, kisha gari lenyewe linaijaza tena. Betri ya sola hutoa kidogo kidogo usiku kucha, kwa hiyo inataka bamba nene, na hata ikiwa nazo haifai kushushwa chini ya nusu kila siku. Mashine yangu inakula kama wati-saa 600 kwa usiku. Kwa maandishi ya ubavuni nilikuwa natumia robo tu. Kwa kilo 29 nilikuwa naivusha nusu kila usiku, na siku za mawingu paneli hazikuweza kuirudisha. Salfeti, ile chumvi inayojitengeneza betri ikitumika, ikagandia kwenye bamba, ikawa ngumu, na ikishafika hapo chaji haiiyeyushi tena. Hiyo ndiyo betri ninayoambiwa nimeiua mimi.

Kuna watakaosema ninunue ya lithiamu. Najua, ile unaweza kuishusha zaidi ya nusu mara maelfu. Lakini inauzwa kwenye maduka yaleyale, nayo imefungwa gamba lisilofunguka.

Halafu kuna hili la betri zikishakufa, ambalo gazeti halikuligusa. Vijana wa vyuma chakavu walikuja siku ileile. Huku kwetu tindikali humwagwa mtaroni, risasi ikayeyushwa kwenye sufuria juu ya mkaa, ikauzwa kwa wavuvi iwe chubwi za nyavu, na watoto wanasimama pembeni wanaangalia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama katika damu ya mtoto. Owino Uhuru, kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu hiyo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mimi yangu nilikataa kuiuza. Imekaa ndani ya beseni la plastiki nyuma ya banda, kwa sababu wilaya nzima sijaonyeshwa mahali pa kuipeleka.

Naomba hili liandikwe kwa wanaohusika. Kila duka la betri liwe na mizani iliyogongwa muhuri, na ukutani ubandikwe uzito halali wa kila aina, ya risasi kwa wake na ya lithiamu kwa wake. Betri ipimwe mnunuzi akiona. Na kwa kuwa mtu anaweza kuongeza uzito kwa zege, ziwekwe pia balbu mbili za taa za mbele za gari, wati 60 kila moja. Ziwashwe na betri iliyojaa kwa saa tatu. Ah 200 ya kweli itabaki juu ya volti 12.2 balbu zikiwaka. Mteja atangoja, mimi nimengoja siku 18 bure. Korosho yetu ikipungua kilo moja ghalani tunakatwa, na kinywe kinachotoka Ruangwa hupimwa kabla lori halijaondoka.

Mkaguzi akitaka kuanzia mahali, aje kwangu. Betri ipo, risiti ipo, na imeandikwa Ah 200.

Mwalimu mstaafu,
Ruangwa, Lindi