Usiling'oe Jino Kabla ya Eksirei

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mwandani wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikaa moyoni ni habari ya gego lako, kwamba baada ya kukukesha siku kumi limenyamaza lenyewe, na kwamba likianza tena utaling'oa yaishe. Nakusihi usingoje lianze. Jino lililouma vile kisha likatulia ghafla, na sasa unasema pana kipele kwenye ufizi kinachopasuka na kurudi, yaelekea limekufa ndani.

Langu la chini lilianza kwa kushtuka nilipokunywa maji baridi, na mshtuko ukapita baada ya sekunde chache. Wakati huo pengine lingezibwa tu. Nilipuuza hadi maumivu yakawa yanabaki dakika nzima, kisha yakaanza kuniamsha usiku bila jino kuguswa. Mwishowe chai moto ikawa adui na maji baridi ndiyo nafuu: nilikuwa napanda matatu asubuhi na chupa ya maji ya friji mapajani, napiga funda na kulituliza juu ya jino, na likishapata joto mdomoni uchungu unarudi kabla hatujafika Muthurwa.

Daktari wa meno alinieleza kwamba katikati ya jino mna chumba chenye nyama laini, mishipa ya damu na ya fahamu, na kwamba chumba hicho huendelea kwa vijia vyembamba hadi ncha ya kila mzizi. Bakteria wakiingia kupitia tundu au ufa, nyama ile huvimba ndani ya kuta ngumu zisizotanuka, na hapo ndipo maumivu yasiyovumilika yanapotoka. Ikifa, mishipa ya fahamu hufa nayo na jino hunyamaza, lakini bakteria huendelea kushuka, wakatokeza kwenye ncha ya mzizi, na mfupa wa taya ukaanza kulika huku usaha ukitafuta njia. Kipele chako huenda ndicho mlango wake.

Vidonge vya duka la dawa nilivimeza mimi pia. Uvimbe ulipungua, na baada ya mwezi ukarudi, kwa sababu dawa ya kuua bakteria husafirishwa na damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita.

Matibabu ya mzizi huondoa nyama hiyo iliyooza na kuliacha jino mahali pake. Nilipigwa sindano ya ganzi, jino likazungushiwa kipande cha mpira ili mate yasiingie, kisha daktari akatoboa juu na kusafisha kila kijia kwa visindano vyenye makali kama tupa, akiosha kwa dawa ya klorini ambayo harufu yake ni ile ya maji ya kufulia nguo nyeupe. Jino la mbele kwa kawaida lina kijia kimoja, gego lina vitatu au vinne, na hiyo ndiyo sababu gego huchukua muda mrefu na fedha zaidi. Vijia vikishasafishwa hujazwa gataparcha, utomvu mgumu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, na gego huvishwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulikinga, kwa kuwa jino lililochimbwa hivyo hupasuka kwa urahisi. Uliza bei ya kofia siku ya kwanza. Maumivu niliyoyaogopa hayakuwapo. Nilisikia tu uchungu wa kutafuna kwa siku tatu.

Yapo meno yasiyookolewa, kama lililopasuka hadi mzizini au lililobaki kipande kisichoweza kushika kofia. Hayo hung'olewa, nami sitakupinga daktari akikuambia hivyo baada ya kuona eksirei.

Uvimbe ukipanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, ukapata homa, au ukashindwa kumeza, kupumua au kufungua kinywa, usisubiri kuche. Nenda hospitali usiku huo huo.

Jumamosi nina nafasi. Nijulishe kabla ya Alhamisi nikupitie asubuhi twende pamoja kwa daktari wa meno, na hadi siku hiyo tafunia upande wa pili.

Ni mimi mwandani wako wa siku zote.